Masaa Matatu ya Kufika Montréal

Habari ile ilinifikia ku foleni ya maji, hapa Mugunga. Mama mumoja nyuma yangu alikuwa anamwambia mwenzake kwamba kule Kibati kulikuwa na binti, jina lake Kaswera, aliyeolewa kwa simu. Bwana alisema yuko Bulaya, kwa wazungu. Walimupandisha ndege hapa Goma asubuhi, na kabla jua halijafika katikati wakamwambia, "Shuka, umefika." Akashuka. Wakamuingiza mu nyumba yenye ukuta murefu, wakamukataza kutoka, eti inje kuna baridi inayoua na polisi wanakamata watu wasio na karatasi. Binti akakaa. Alikuwa anatoka jasho tu na kushangaa mbona Bulaya kuna joto namna hii. Akakaa hivyo mpaka siku moja akasikia mutu anapita nyuma ya ukuta, anauza maji na kuita kwa sauti: "Mayi ya malili! Mayi ya malili!" Hicho ni Kilingala, maana yake maji ya baridi. Hapo ndipo alijua kwamba hajatoka hata mu inchi yake. Alikuwa Kinshasa.

Wanawake wakacheka. Mumoja akasema, "Sasa hakuuliza mbona wazungu wa kule ni weusi kama sisi?" Wakacheka tena.

Mimi sikucheka. Niliweka bidoni yangu ya maji chini nikauliza, "Kaswera wa nani? Baba yake ni nani?" Hakuna aliyejua. Mumoja alisema si wa Kibati, ni wa Rutshuru. Mwingine alisema si Kinshasa, ni Kampala, nikamuuliza kama ku Kampala wanauza maji na Kilingala, akanitazama vibaya. Inaweza kuwa ni uongo. Maneno ya foleni yanavimba kama maharagi yaliyolowekwa. Lakini haya yaliniingia mu mwili na yakakataa kutoka, kwa sababu juma lile lile ndani ya nyumba yangu mulikuwa na posa ya namna hiyo.

Naandika kwa ajili ya mama wenzangu wenye mabinti. Nilifika mwaka wa tano wa primaire, kisha vita ya wakati ule ikafunga shule. Musitafute makosa ya kuandika. Shikeni maneno.

Sisi tulikimbia kutoka Kiwanja. Tukalala Kibati, tukafukuzwa na mabomu, tukaishia hapa mu kambi ya Mugunga, chini ya bashi nyeupe, turubai la wakimbizi, juu ya mawe meusi ya volkano. Anayejua Mugunga anajua mawe yale. Yanakata kama chupa. Mume wangu Édouard alikuwa mufanyabiashara wa maharagi; hapa alikuwa anabeba magunia ya wengine. Mutoto wetu wa kwanza ni Charline. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, anaimba ku korali, na picha yake ya korali ndiyo ilileta mambo.

Mutu mumoja aliyeitwa Papa Anastase alikuja kutuona. Shati safi, viatu vyeusi vinavyong'aa, Kifaransa kidogo ndani ya kila neno. Akasema mutoto wa ndugu yake, Carlos, yuko Montréal, kule Canada, anafanya kazi nzuri, ameona picha ya Charline ndani ya simu na moyo wake umetulia. Hataki binti wa kule. Anataka binti wa nyumbani, anayejua Mungu.

Ndani ya simu Carlos alikuwa kijana wa kupendeza. Aliniita Mama tangu siku ya kwanza. Charline alikuwa anamungojea ajibu kama mutu anayengojea mvua.

Édouard aliniambia, "Mama Charline, sikiliza. Barabara ya Sake imefungwa. Mabomu yanasikika kila siku. Tuna batoto bane. Kama mumoja anaweza kuokoka, aokoke."

Maneno yake yalikuwa ya haki. Nani hataki mutoto wake atoke mu vita?

Ni jambo moja tu lilinikwama mu koo. Nilimuuliza Papa Anastase, "Kutoka hapa mpaka Montréal ni mbali namna gani?"

Akacheka. "Mama, ile ilikuwa zamani! Ndege si basi. Masaa matatu tu. Unafunga macho, unafungua, uko Montréal."

Édouard alifurahi. Na si yeye tu. Ukisikiliza vizuri utajua kwa nini watu wetu wanameza maneno ya namna hiyo. Vita imetuharibia vipimo. Sake tunaiona kwa macho kutoka hapa, vilima vyake hivi, lakini hatuwezi kufika. Butembo, zamani ulikuwa unapanda lori leo, kesho unakula kwa ndugu zako. Siku hizi mutu anaenda mpaka Uganda, anazunguka, anaingia tena Congo kwa mupaka mwingine, ndipo anafika Butembo. Sasa kama mahali pa karibu pamekuwa mbali hivyo, nani atashangaa kusikia kwamba mahali pa mbali pamekuwa karibu? Tumezoea kuambiwa umbali na mutu mwenye nguvu. Mwanajeshi akisema hakuna njia, hakuna njia. Mutu wa viatu vyeusi akisema masaa matatu, ni masaa matatu.

Mimi nikakataa. Nilienda kwa Mama Mukamazimpaka, jirani yetu aliyetoka Masisi. Kijana wake alikaa miaka mingi mu kambi ya wakimbizi kule Uganda, kisha wakamupeleka Canada na programu ya wakimbizi. Nilimukuta anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, kijana wako alifika Canada baada ya masaa ngapi?"

"Masaa?" Aliacha kutwanga. "Nani alihesabu masaa? Muulize alikula mara ngapi."

"Alikula mara ngapi?"

"Mu ndege ya kwanza walimupa chakula. Akashuka mahali akangojea mpaka akalala ku kiti. Mu ndege ya pili akakula, akalala, akaamushwa akule tena. Akashuka. Akapanda ingine, akakula, na bado alikuwa juu ya bahari! Aliniambia, mama, nilichoka kukula. Mutoto wangu huyu, ambaye mu kambi alikuwa analamba sufuria, anachoka kukula!" Akacheka mpaka akafuta machozi. "Alipofika, miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia."

"Basi si masaa matatu."

"Masaa matatu ni hapa na Kinshasa, mwenzangu. Hapo wanakupa biskuti na maji, wanakushusha."

Nilirudi nyumbani nikizungusha hilo kichwani. Biskuti na maji.

Nikamwambia Édouard. Akaniambia pengine ndege za sasa zinakimbia zaidi. Nikamwambia Charline. Charline alisimama, akanitazama usoni, akasema, "Mama, unataka nikufie mu bashi hii?"

Neno lile lilinichoma. Lakini kumukubalia sikumukubalia.

Sasa mujue desturi yetu. Kwetu binti haendi kwa bwana peke yake. Shangazi yake, dada ya baba, anamusindikiza. Anaingia na yeye ndani ya nyumba, analala pale, anaona jiko, anafunua sufuria, anaangalia kama kuna nguo za mwanamuke mwingine nyuma ya mulango. Kisha anarudi, anakaa mbele ya mama wa binti, na anasema alichoona. Mpaka shangazi arudi, mama hapiki chakula cha furaha. Lakini tangu vita ilipozidi, watu wameanza kusindikiza na simu. Shangazi anatoa mashauri ndani ya WhatsApp, bwana anatuma picha ya nyumba, mambo yamekwisha. Picha ya nyumba! Picha haina harufu. Haiwezi kukuambia nani analia ndani.

Shangazi ya Charline ni Kasoki. Dada mukubwa wa Édouard, mujane, aliuza viazi miaka mingi barabara ya Butembo, na ameshikwa na waasi wa kila jina na akatoka na magunia yake. Nilimutumia neno: "Mutoto wako anachukuliwa. Kuja."

Siku ya mkutano Papa Anastase alikuja na wanaume wawili na kasha la soda. Kila mutu akaacha viatu ku mulango, kwa sababu ndani tulitandika mukeka. Wakaomba. Wakanywa. Wakasema kuhusu mbuzi za mahari, kwamba Carlos atatuma feza za mbuzi baadaye, baada ya Charline kufika. Kisha Papa Anastase akasema safari ni Jumanne, na kadi ya uchaguzi ya Charline alikuwa tayari ameichukua kwa ajili ya paspoti.

Nikashituka. Charline akaangalia chini. Alikuwa amemupa bila kuniambia.

Kadi ile ndiyo utambulisho tulio nao. Bila ile, mutoto wangu si mutu mbele ya barriere yoyote ya askari. Na mwenye kuishika anaweza kumuita binti jina lolote, mahali popote.

Nikasema, "Papa Anastase, aksanti kwa soda. Nani anamusindikiza mutoto?"

"Carlos atamupokea ku aéroport."

"Sikuuliza nani atamupokea. Nimeuliza nani anamusindikiza."

Mumoja wa wale wanaume akatabasamu. "Mama, ni Canada ile. Si kilima cha jirani."

"Si mulisema ni masaa matatu?"

"Ndiyo, masaa matatu," akasema Papa Anastase.

"Basi ni vizuri sana. Shangazi Kasoki ataondoka na yeye asubuhi, wafike, aangalie jiko, na jioni arudi. Hata ku soko ya Sake, wakati njia ilikuwa wazi, tulikuwa tunatumia siku nzima."

Kasoki akapiga makofi. "Mimi niko tayari! Nguo yangu iko hii. Nitamupelekea mukwe wetu viazi."

Watu wakacheka. Papa Anastase pia akacheka, lakini jasho lilimutoka ku paji la uso. "Shangazi, hapana. Wewe ni mutu muzima. Kule ni mbali sana, siku mbili mu ndege, baridi, miguu itavimba..."

"Ngoja," nikasema. "Kwa Charline ni masaa matatu. Kwa Kasoki ni siku mbili. Ndege ni ile ile?"

Édouard aliweka chupa chini. Aliniangalia, kisha akamuangalia Papa Anastase, na nikaona kwamba mara hii alikuwa anasikia.

"Ni hivi," Papa Anastase akasema kwa upole, kama mwalimu na mutoto muzito wa akili. "Masaa matatu ni mpaka Kinshasa. Pale ndipo Charline atangojea visa. Halafu ndio Montréal."

"Atangojea kwa nani?"

"Kwa marafiki."

"Marafiki wa jina gani? Commune gani? Avenue gani?"

"Mama, mambo ya visa ni confidentiel, ni siri."

Kasoki akasema, "Mimi sina haraka. Tutangojea wawili. Nimewahi kungojea waasi watoe gari yangu juma zima, nitashindwa kungojea visa?"

"Kiti ni kimoja!" Sasa alipandisha sauti. "Mama Charline, unajua mabinti wangapi wanataka nafasi hii? Nitaenda Lac Vert hapa jirani leo hii na nitapata mwingine kabla ya jioni! Kaa na mutoto wako. Bomu likianguka hapa, utakumbuka jina langu."

Charline akaanza kulia. Wadogo zake wakaanza kulia kwa sababu yeye analia. Niliogopa, siwadanganyi, kwa sababu bomu lile alilotaja halikuwa mufano. Tulikuwa tunalisikia kila siku. Lakini nikasema:

"Rudisha kadi ya mutoto."

"Iko mu bureau yangu, ku ville, mujini. Nitaituma."

"Rudisha kadi."

"Nimesema nitaituma."

Akasimama. Wenzake wakasimama. Wakaenda ku mulango. Na pale ku mulango Kasoki alikuwa amekwisha kukaa. Alikuwa ameviweka viatu vyao vyote chini yake, viatu vyeusi vya Papa Anastase na vya wale wawili, na kikwembe chake cha kiunoni amekikunjua juu, kama kuku juu ya mayai.

"Mama, inuka."

"Miguu inaniuma, mutoto wangu. Mulisema mimi ni mutu muzima."

"Inuka, shangazi, tusifanye fujo."

"Nani anafanya fujo? Mimi nimekaa. Njia ni hiyo, pita."

Wakaangalia inje. Mawe meusi kutoka mulango wetu mpaka ku barabara, yale makali ya Mugunga, na soksi nyembamba ku miguu yao. Mumoja alijaribu. Alipiga hatua, akapiga ya pili, akasema neno ambalo sitaliandika, akarudi akiruka na mguu mumoja. Majirani walikuwa wamekwisha kusimama. Mama Mukamazimpaka alikuwa na muchi wake wa kutwangia bado mukononi. Mutu mumoja akauliza, "Ni ubatizo? Mbona wamevua viatu?" Na kicheko kikatembea kutoka bashi mpaka bashi.

Édouard akasimama. Mume wangu si mutu wa kelele. Alisema tu, "Papa, kadi ya mutoto wangu."

Papa Anastase akaangalia mawe, akaangalia watu, akaingiza mukono ndani ya shati na akatoa kadi. Ilikuwa pale ku kifua chake. Haikuwa ku bureau hata siku moja. Na alipoitoa, zikatoka na zingine mbili, za mabinti wengine, zikaanguka ku mukeka. Aliziokota haraka. Niliona sura moja tu, kijana kabisa, amesuka nywele. Jina sikuwahi kulisoma. Niliruka nikamushika mukono, lakini alinisukuma, na wakati Kasoki aliposimama kunisaidia, wale wawili walichukua viatu na wote watatu wakakimbia. Tulipiga kelele. Tulienda kwa viongozi wa kambi na tukaenda kwa polisi, tukasema jina lake. Walituambia hawamujui mutu kama huyo.

Uso ule wa nywele za kusukwa bado ninao. Sababu ya kuandika ni ule.

Namba ya Carlos haikushika tena tangu siku ile. Pengine Carlos ni mutu wa kweli, yuko Montréal kweli na analia kwa sababu ya Charline. Sijui. Kama ni wa kweli, anajua tunaishi wapi, na anajua kwamba binti ana shangazi.

Charline alikuwa ananipa maji ya kuoga bila kuniangalia. Ndugu za mume wangu wengine walisema nimefunga mulango wa jamaa nzima. Halafu mabomu yalianguka karibu na sisi kweli, na tulipolala chini wote, watoto chini yangu, nikasikia jirani mumoja anasema mu giza la moshi, "Huyu mama angekuwa na mutoto Canada leo." Nilimusikia. Nilikuwa na mukono juu ya shingo ya Charline, na shingo ilikuwa na moto, inapumua. Nikajibu kwa sauti ili asikie vizuri: "Mutoto wangu ninajua yuko wapi!"

Muniite mujinga wa kijiji. Muniite mama anayezuia. Sitakataa mutoto wangu kusafiri. Wako wanaofika kweli, kijana wa Mama Mukamazimpaka amefika. Siku moja Charline alikaa karibu yangu tukichambua maharagi, akasema bila kuinua macho, "Mama, zile kadi mbili zingine. Ule wa kusuka namujua sura. Alikuwa anaimba ku korali ya Lac Vert." Tukaacha maharagi. Tukavaa, mimi na yeye na Kasoki, tukaenda Lac Vert kwa miguu kuuliza korali kwa korali. Bado hatujamupata. Tunaenda tena. Na kila mahali tunapopita ninaacha maneno haya, mama mwenye simu anayapiga picha, asiye na simu anayasikia kwa kusomewa:

Usikubali kuambiwa safari ni fupi na mutu mumoja. Uliza pia mutu aliyefika, na muulize alibadilisha ndege mara ngapi na alikula mara ngapi.

Usiamini masaa yanayobadilika. Kama kwa binti ni karibu na kwa shangazi ni mbali, hiyo safari si safari.

Hapa mpaka Canada si ndege moja. Anayesema ni moja, mufukuze.

Usimupe mutu kadi ya uchaguzi ya binti yako, hata kwa siku moja, hata akiwa na Biblia mukononi. Kwa paspoti binti anaenda yeye mwenyewe na mutu wa nyumbani.

Usimuache angojee visa mu nyumba ya watu wasio na jina na avenue.

Usisindikize na simu.

Usipokee mahari ya "baadaye".

Usimufokee binti mpaka akufiche mambo.

Usinyamaze kwa sababu ya haya. Ukiona mabinti wengine ndani ya mambo hayo, taja jina la mutu huyo kwa sauti, ku kanisa, ku soko, ku foleni ya maji.

Na kama unamujua binti wa korali ya Lac Vert, mwenye nywele za kusuka, anayeambiwa atapanda ndege: usimuache apande. Tuite.